Sufu Niliyoomba, Sufi Niliyoletewa

Mgeni akiingia sebuleni kwangu siku hizi anaangalia ukuta wa kushoto kwanza. Anausogelea, anaugusa, anaubonyeza kwa kidole kama anapima mkate, halafu ananiuliza nimesomea wapi. Sijasomea popote. Nina kidato cha nne, cheti kimekaa ndani ya begi chini ya kitanda, na somo la kushona nilipata alama ambayo siitaji mbele ya watu. Ule ukuta niliuvika nguo kwa sababu ya hasira, na hasira yenyewe ilikuwa na sababu.

Tunaishi Mwembesongo, chumba na sebule, katika nyumba ya wapangaji sita. Sisi ndio wa mwisho upande wa barabara. Ukuta wetu wa kushoto ndio huo huo ukuta wa karakana ya fundi wa kuchomelea, anayetengeneza mageti, nondo za madirisha na vitanda vya chuma. Fundi ni mtu mwema, siwezi kumsingizia. Anasalimia, na mume wangu akiwa kazini huko Mzinga yeye ndiye hunisaidia kuingiza ndoo za maji. Lakini ana grenda. Kwa asiyeijua, grenda ni mashine ya kukatia na kusugulia chuma, na sauti yake inaingia kwenye meno kabla haijafika masikioni.

Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Mtoto wa umri huo lazima alale mchana. Wangu alikuwa anasinzia dakika kumi, grenda inawaka, anashtuka, analia, ananyonya kwa kisirani, anasinzia tena, grenda tena. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito, ambao ulikuwa unapanda vizuri, ulianza kulala. Yaani mstari ulilala, mtoto halali.

Tulitaka kuhama. Nikazunguka kutafuta chumba na mtoto mgongoni. Kimoja kilikuwa nyuma ya baa, kingine ubavuni mwa mashine ya kusaga nafaka. Nikarudi nyumbani nikamwambia mwenye nyumba aweke hata silingibodi juu, kelele zipungue. Akaniambia silingibodi ni mapambo, na mapambo ni ya mpangaji.

Kosa langu ni kwamba nilimweleza mama yangu habari ya kadi.

Mama anaishi Matombo, nyumbani kwetu, katikati ya migomba na miti ya mdalasini. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo bibi mzaa mama akisema neno juu ya mjukuu, si ushauri. Mama hakupiga kelele. Aliniambia tu kwenye simu, taratibu, "Nikimaliza kuokota sufi nakuja kumchukua. Nitamwachishia ziwa huku huku."

Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni wiki mbili. Mtoto wa dada yangu alikwenda Matombo kuachishwa ziwa wiki mbili. Sasa yuko darasa la tatu, hapo hapo Matombo, na dada yangu anamtembelea kama mgeni. Na mbaya zaidi, mtoto ana afya, anacheka, hana shida yoyote. Matombo ni pazuri. Kuna utulivu ambao mimi sikuwa nao wa kumpa wangu. Ndiyo maana sikuwa na la kujibu, na mtu asiye na la kujibu ndiye anayekasirika zaidi.

Siku moja nikaenda mitumbani kumtafutia mtoto viatu. Jua kali, spika za wauzaji zinapiga makelele kila kona. Mwisho wa safu kuna mama mmoja mtu mzima anauza masweta tu, amekaa katikati ya marundo kama yuko pangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona huyo mtoto ana macho ya mlinzi?"

"Halali mchana, mama."

"Mlaze hapo." Akaonyesha rundo nyuma yake.

Nikamlaza kwa kumheshimu tu. Mtoto akageuka mara moja, akavuta mkono wa sweta mdomoni, akalala. Akalala saa nzima na nusu, sokoni, saa saba mchana. Mimi nikakaa pembeni yake nimeduwaa. Ndipo nikagundua kwamba spika sizisikii. Yaani nazisikia, lakini kwa mbali, kama ziko mtaa wa pili. Nikatoa kichwa nje ya banda: kelele. Nikakirudisha ndani: kimya. Nikatoa tena.

"Umepoteza nini huko nje?" yule mama akaniuliza.

"Masweta haya yanameza sauti."

"Yanameza sauti na mtaji wangu pia. Sufu tupu hiyo, ya kondoo wa Ulaya. Watu wa Mgeta wakishuka na mboga wananunua mawili matatu kwa ajili ya baridi ya kwao. Mji huu wa joto nani atavaa? Yenye matobo kachukue yote, yamenichosha."

Nilirudi nyumbani na viroba viwili vya masweta, bila viatu.

Kwanza niliyatundika kama yalivyo, kwa misumari, mikono imening'inia. Mume wangu aliporudi kazini alisimama mlangoni akavua kofia.

"Hodi. Hawa ni wageni wetu?"

"Nyamaza, mtoto amelala."

"Kumi na mbili wote wamekuja kwa miguu?"

Mwenye nyumba naye akaja kulalamika kwamba misumari inapasua plasta. Nikamuuliza plasta ipi. Akaondoka. Lakini kweli, ule ukuta ulikuwa unatisha, na masweta yakiwa yamening'inia vile yalikuwa yanaacha mapengo. Sauti ni kama panya, ikiona pengo inapita.

Nikaamua kuyafumua. Hapo ndipo nilipojifunza kazi, kwa kuharibu. Si kila sweta ni sufu. Unachomoa uzi mmoja unauchoma kwa kiberiti: ukinuka nywele na moto ukajizimikia wenyewe, ni sufu. Ukiyeyuka na kudondoka tone jeusi, hiyo ni plastiki, fanya dekio. Tena unaangalia mshono wa ubavuni. Kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi ndipo kikashonwa, ukifumua unapata vipande vya uzi vifupi kama mustachi. Kama kila kipande kilifumwa peke yake, unavuta uzi mmoja kuanzia shingoni na unakuja wote mpaka kiunoni, na wenyewe unakuja umejikunja kama tambi. Unauosha kwa maji ya uvuguvugu, unautundika na chupa ya maji chini yake, unanyooka. Maji ya moto usithubutu. Sweta moja la bluu nililichemsha nikitaka kuua wadudu, likatoka dogo, nene na gumu, la kumtosha sungura. Hilo nalo sikulitupa.

Nyuzi zikajaa beseni. Sasa nizifanye nini? Kufuma kwa kroshia sijui. Vile vitambaa vyeupe vya makochi ambavyo kila mwanamke wa mtaa huu anafuma, mimi vilinishinda tangu shule ya msingi. Mwalimu alisema mkono wangu unapigana na uzi. Kitu kimoja tu mikono yangu inakijua bila kuuliza kichwa: ukili. Kila mtoto wa kike aliyekulia barazani kwa mama yangu alisuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu ambao baadaye unazungushwa na kushonwa ukawa mkeka. Nikachukua nyuzi sita sita za sufu, nikazifanya kama ujani mmoja wa ukindu, nikaanza kusuka. Sufu inalegea, haisimami kama ukindu, lakini ukiizoea inakutii. Wiki ya kwanza nilikuwa nasuka huku nimekunja uso. Wiki ya pili nikajikuta naimba.

Majirani wakawa na ushauri. Mmoja akaniambia nitengeneze picha ya Milima ya Uluguru, wageni wanapenda. Milima ipo hapo dirishani, kila siku, bure, ukiitaka fungua pazia. Sikutaka kuishona tena.

Mchoro wangu ulitoka karakana. Fundi alikuwa ameegemeza geti jipya ukutani, lina ua kubwa katikati, na mwanangu alikuwa amesimama mbele yake anapitisha kidole kwenye mizunguko. Nikatazama jinsi lilivyotengenezwa. Fundi huchukua chuma bapa kirefu, anakikunja, anakigeuza, anakichomelea pale kinapogusana. Mimi ninachukua ukili mrefu, naukunja, naugeuza, naushona pale unapogusana. Tulikuwa tunafanya kazi moja pande mbili za ukuta mmoja, tofauti yake yeye anaamsha watoto. Nikaingia ndani nikaanza ua lile lile, la kahawia na kijani, uwanja wake rangi ya majivu.

Wiki kadhaa baadaye fundi alipoingiza ndoo akalitazama muda mrefu.

"Shemeji, hilo si geti langu?"

"Lako linapiga kelele. Langu linanyamaza."

"Basi umelikosea. Langu lina majani sita. Hapo nahesabu matano."

"La sita uzi umeisha."

Na kweli ulikuwa umeisha. Yule mama wa masweta hakuwa amepata robota jingine. Nilikuwa nimefunika ukuta karibu wote, nyundo ya fundi mtoto alishaanza kuizoea, lakini grenda bado ilikuwa inapenya. Kilichokosekana ni unene. Na sufi za Matombo zilikuwa zinakwisha kuokotwa.

Mama akapiga simu.

"Mjukuu wangu analala?"

"Analala kidogo, mama. Ukuta haujaisha. Sufu imeniishia."

"Imekuishia? Kwa nini hukusema mapema? Huku iko ya kumwaga."

"Huko Matombo?"

"Tangu lini Matombo ikakosa? Nakuja nayo Jumamosi. Na kanga ya kumbebea mtoto nakuja nayo."

Nikajiambia labda misheni wamegawa nguo za mitumba, labda kuna masweta. Sikuuliza zaidi. Jumamosi ikafika, mama akashuka kwenye bodaboda na gunia kubwa kuliko yeye, kalishika kwa mkono mmoja. Hapo ningepaswa kujua. Hakuna gunia la sufu linalobebwa kwa mkono mmoja na mwanamke wa miaka sitini.

Nikalifungua katikati ya sebule. Sebule nzima ikawa nyeupe. Manyoya mepesi yakaruka, yakaingia puani, yakatua kwenye chai, yakamganda mtoto kwenye nyusi. Sufi, ile ya mti wa msufi, ya kujazia mito. Herufi moja tu.

"Mama, nilisema sufu."

"Na hii ni nini?"

"Hii ni sufi."

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Si hiyo. Sufu, mama. U mwishoni. Inatoka kwa kondoo."

Mama akakaa chini taratibu. "Kondoo wa Matombo wana nywele kama mbuzi. Ulitaka nikamnyoe nani?"

"Si ungeuliza."

"Nilikuuliza imekuishia, hukukataa. Shule ndiyo imekuharibu mdomo, sisi wengine masikio yetu ni mazima."

Ningecheka kama siku ingekuwa nyingine. Lakini kanga alishaitandaza juu ya kiti, mpya, imekunjwa, inasubiri mtoto. Nilikuwa nimemlaza mwanangu muda huo huo. Grenda ikawaka. Mtoto akashtuka akalia.  Mama akanitazama, halafu akatazama kanga. Nikatoka nje nikasimama uani nikiwa nimekunja ngumi, maana mbele ya mama huwezi kupasua sahani.

Niliporudi, mama alikuwa amesimama ukutani, mtoto kiunoni. Hakuwa anatazama ua. Alikuwa ameinua pembe ya kazi yangu anakagua nyuma, kwenye mishono.

"Huu ni ukili," akasema.

"Ndiyo."

"Wa nywele za kondoo."

"Ndiyo, mama."

"Nani kakufundisha kukaza namna hii?"

"Wewe."

"Hapa je, mimi nilikufundisha kulegeza?" Akavuta. Mishono ya shubiri mbili ikafumuka mbele ya macho yangu. Akanirudishia mtoto, akachukua sindano yangu, akaketi. Alishona mpaka akafika mwisho wa mzunguko. Kisha akasema, "Umeshona foronya ukasahau mto."

 Halafu nikalitazama gunia.

Tuliushusha ukuta wote sakafuni. Mpango ulikuwa tushone kitambaa nyuma, tujaze sufi katikati, kisha tupige mishono hapa na pale isije ikaporomoka yote chini. Mume wangu, ambaye kwa mara ya kwanza alisema la maana, akauliza habari ya cheche za fundi. Mama akachukua kibonge cha sufi na kipande cha uzi wangu, akatoka uani akavichoma. Sufi ikalipuka ikaisha kabla hajaondoa mkono. Sufu ikanuka, ikajizima. "Basi ya kondoo ikae mbele, ya mti ijifiche nyuma," akasema, "na upande wa dirisha usiweke ya mti kabisa." Upande wa dirisha tukaweka lile sweta la bluu nililolichemsha. Fundi naye akakubali kuhamishia kuchomelea kwake mwisho wa uwanja. Grenda ikabaki, kwa sababu waya wake, tofauti na ule wa kuchomelea, haufiki huko.

"Nitashona na wewe," mama aliniambia siku ile, uzi mdomoni. "Lakini Jumatatu akiamka, naondoka naye."

"Asipoamka?"

"Wewe shona."

Tulishona Jumamosi na Jumapili. Shuka zangu mbili za zamani zikawa mgongo wa ukuta, tukafunika, tukajaza, na mama akanichapa kidole kila nilipojaza kupita kiasi. Alinisimulia jinsi bibi yake alivyokuwa akisuka mikeka gizani wakati wa mvua, anahesabu kwa vidole. Sikuwahi kukaa na mama hivyo tangu niolewe. Mtoto alikuwa anatambaa katikati yetu na sufi kichwani kama mzee. Sitasahau.

Pembe moja ya chini shuka zikapungua. Nikatafuta kitambaa, nikapata gauni langu la kujifungulia, halitoshi. Mama akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akavuta kanga kwenye kiti, akanitupia.

"Weka hii."

"Mama, hii si ya kumbebea?"

"Mikono ninayo."

Nikaikata. Maneno yake yameelekea ukutani, hakuna anayeyasoma, na mimi siyasemi.

Jumapili jioni fundi akaja na nondo nyembamba aliyoikunja ncha na kulabu nne za nguvu. Akatoboa, akatundika mwenyewe. Mwenye nyumba akapita akasema sasa hayo ndiyo mapambo. Fundi akarudi nyuma hatua tatu.

"Jani la sita bado."

Pale pa jani la sita hapakuwa na sufu. Palikuwa na uwanja wa majivu tu, umevimba kwa sufi iliyo nyuma yake. Nikamwambia aliache, limelala.

Jumatatu mama aliamka na safari. Gari la Matombo linaondoka mchana. Alifunga mfuko wa nguo za mtoto, akauweka mlangoni, makusudi, niuone. Saa sita nikamnyonyesha mwanangu nikamlaza kwenye mkeka, chini ya ua. Mama akajilaza ubavuni mwake kumlinda, macho wazi, anasubiri. Mimi nikakaa kwenye kigoda. Nilisikia fundi anaburuta chuma. Nikashika magoti yangu.

Grenda ikawaka.

Ilikuwepo. Siwezi kudanganya kwamba ilipotea. Lakini ilikuwa imevuliwa meno, imebaki kama nyuki ndani ya debe, nyumba ya pili. Mwanangu alikunja uso. Akatafuta mkono wa kushika, akashika kidole cha bibi yake, akavuta pumzi ndefu, akaendelea. Nikahesabu grenda tano. Ya sita sikuihesabu, nilikuwa nachambua mchicha.

Ilipofika saa nane na nusu niliingia kumwambia mama kwamba gari litamwacha. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, mtandio umemteleza. Mama yangu halali mchana. Tangu nizaliwe sijamwona hivyo. Nikatoka kwa ncha za vidole.

Aliamka saa kumi, akakaa, akatazama mwanga mlangoni.

"Gari?"

"Limeondoka."

"Mbona hamkuniamsha?"

"Mlikuwa mmelala."

Akataka kunijibu. Nyuma ya ukuta fundi akawasha tena, na wote wawili tukamgeukia mtoto. Mtoto akajigeuza ubavu wa pili, mguu ukatua juu ya tumbo la bibi yake. Mama akautazama ule mguu. Akautazama mfuko pale mlangoni.

"Uondoe mfuko huo njiani," akasema, "mtu atajikwaa." Akajilaza tena.